Haramu Katika Jina la Mtu: Mgeni, Mtoro na Mhamiaji Wakitazamwa Kutoka Birkat al Mauz

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozoeleka ambamo haramu imegandishwa juu ya mtu badala ya tendo lake. La kwanza ni mwanaharamu. La pili, ambalo umri wake ni mdogo zaidi, ni mhamiaji haramu. Nyama huwa haramu, mali huwa ya haramu, biashara huweza kuwa haramu. Lakini mlaji, mwizi na mlanguzi, pamoja na makosa yao yote, hubaki kuwa watu waliotenda jambo la haramu. Haramia naye ana mzizi huohuo, ila anaitwa hivyo kwa kile anachokifanya baharini, na siku akiacha uharamia jina humwacha. Mwanaharamu na mhamiaji haramu hawana pa kuliachia jina. Wote wawili wanahukumiwa kwa namna walivyoingia: mmoja duniani, mwingine nchini.

Kiarabu, ambacho ndicho kilichokipa Kiswahili neno hilo, hakimwiti mtu huyu muhajir haram. Magazeti ya Muscat na Cairo husema ghair shar'i au ghair nidhami, yaani asiyefuata sheria au utaratibu, na anayepenya mpakani kwa siri huitwa mutasallil. Maneno hayo si ya huruma, lakini yanataja kasoro ya hati au ya njia. Ni Kiswahili kilicholichukua neno zito la dini na kulipachika kwenye kasoro ya karatasi.

Makala haya yanadai kwamba fasihi na lugha ya Waswahili wa pande mbili za bahari zina msamiati mpana na wa haki zaidi wa kumtaja aliyevuka mpaka kuliko huo uliotawala taarifa za habari, na kwamba kuutupa msamiati huo ni kujisahau. Hoja hii inasomwa hapa kutokea Birkat al Mauz, mji mdogo wa wilaya ya Nizwa, katika mkoa wa Dakhiliya nchini Oman, kwa sababu mahali hapo pana historia ya kuondoka, kufukuzwa, kurejea na kupokea wengine, na kwa sababu katika nyumba za Dakhiliya na Sharqiya Kiswahili kingali lugha ya wazee waliorejea na ya watumishi waliowasili jana.

Mji wenye jina la mgeni

Birkat al Mauz iko chini ya Jabal Akhdar, penye mdomo wa bonde la Muaydin. Jina lake lina maana ya bwawa la ndizi, na mgomba si mmea wa asili ya Uarabuni: ulitokea kusini-mashariki mwa Asia, ukavushwa bahari hadi kufika Oman na Afrika Mashariki. Mji umejiita kwa jina la mgeni aliyelowea. Maji yanayoinywesha migomba na mitende yake yanatoka katika Falaji al-Khatmayn, mmojawapo wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Falaji hugawa maji kwa muda: kila mwenye haki ana zamu yake, ikifika anafungua, ikiisha anafunga. Ni aina ya mpaka, na ni mpaka mkali, lakini unapima zamu na hauulizi damu.

Neno lenyewe la Kiswahili linakumbuka jambo hilo. Mpaka ni mstari baina ya nchi na nchi, na mpaka ni pia kiungo cha wakati: mpaka kesho, mpaka pepo zigeuke. Wafanyabiashara waliofika Unguja, Lamu na Mombasa na kaskazi walijua kuwa wataondoka na kusi. Baina ya pepo mbili walikuwa wageni, na ugeni ulikuwa na kanuni. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe kwa kawaida hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Inaweza kusomwa kwa namna nyingine: jembe ndilo linalomwondoa mtu katika ugeni. Anayelima na wenyeji anaelekea kuwa mwenyeji. Methali inamdai mgeni kazi, na kwa kumdai inamwahidi nafasi.

Hapa panahitajika tahadhari. Mhakiki anayeisifu bahari ya zamani kwa kutokuwa na pasi wala viza anapaswa kueleza pia ni nani aliyevushwa bahari hiyo bila kuulizwa. Majahazi yaliyobeba tende, karafuu na boriti yalibeba watumwa pia, na hao walivuka mipaka yote bila kizuizi chochote. Kukosekana kwa mlinzi mpakani hakujawahi kuwa ushahidi wa uhuru wa anayepita.

Nani mgeni Unguja?

Mjadala wa leo kuhusu wahamiaji mara nyingi huandikwa kana kwamba umeletwa na televisheni za Ulaya. Waswahili waliufanya mapema zaidi, kwa lugha yao, magazetini mwao. Katika miaka ya 1950, zama za siasa, magazeti ya Unguja kama Mwongozi na Afrika Kwetu yalishindana juu ya swali moja chini ya maswali mengi: nani mwenyeji na nani mgeni? Upande mmoja ulimtaja Mwarabu kuwa mlowezi aliyekuja kutawala. Upande wa pili ulimtaja mtu wa bara kuwa mgeni aliyekuja kuchuma karafuu na sasa anataka kura. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu vita vya maneno na vita vya mawe, ameonyesha jinsi ubishi huo wa wasomi ulivyoshuka mitaani na mashambani hadi ukawa chuki ya majirani.

Walioumia mapema ni Wamanga, Waomani wa tabaka la chini waliokuja na majahazi, wakafungua viduka mashambani na kukopesha kwa daftari. Hawakuwa mabwana wa kasri. Wengi walitoka vijiji vya milimani na jangwani vya Oman, ambako ukame na umaskini vilikuwa vikiwasukuma watu baharini kizazi baada ya kizazi. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, na wengi wao walikuwa Waarabu wa namna hiyo. Baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964 maelfu waliuawa, na maelfu wengine walipakiwa melini au kukimbia kwa njia walizoweza. Neno mgeni, lililokuwa na siku mbili na jembe, lilikuwa limegeuzwa kuwa shtaka.

Maandishi ya Kiswahili ya kumbukumbu ya tukio hilo hayajaepuka mantiki hiyohiyo. Kitabu cha Harith Ghassany, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kilichotoka mwaka 2010, kimekusanya ushahidi wa mdomo kudai kwamba mapinduzi yalitegemea watu waliovushwa mkondo wa bahari kutoka pwani ya Tanganyika. Thamani yake ni kwamba kimewasemesha watu ambao nyaraka rasmi ziliwanyamazisha. Lakini msomaji makini ataona kwamba simulizi ya waliofukuzwa kwa kuitwa wageni inaeleza msiba wake kwa kumtafuta mgeni mwingine, yule aliyevuka kwa siri kutoka bara. Kila upande wa historia ya Zanzibar una mvukaji wake wa haramu. Hilo si kosa la mwandishi mmoja; ni umbo ambalo siasa ya zama zile iliipa kumbukumbu.

Nasaba ikiwa hati

Waliofukuzwa hawakukuta mlango wazi upande wa pili. Oman ya Sultani Said bin Taimur ilikuwa nchi iliyofungwa: kutoka kulihitaji ruhusa na kurudi kulihitaji ruhusa. Nchi hiyo ilikuwa imetoka vitani. Birkat al Mauz ilikuwa makazi ya Suleiman bin Himyar, shekhe wa Bani Riyam, na vita vya Jabal Akhdar viliuacha mji na majeraha. Viongozi walioshindwa, Suleiman na Imamu Ghalib bin Ali, walikimbilia Saudi Arabia mwaka 1959 bila kibali cha mtu yeyote. Hivyo, miaka michache kabla ya meli za Unguja kuwasili, Dakhiliya yenyewe ilikuwa imewatoa wakimbizi wake.

Wengi wa waliotoka Zanzibar walitawanyika Dubai, Kuwait, Cairo, Mombasa na Uingereza. Mlango ulifunguliwa baada ya 23 Julai 1970, Qaboos bin Said aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Waliorejea kutoka Afrika Mashariki, wenye elimu ya shule na Kiingereza, waliingia katika wizara, jeshi na kampuni ya mafuta. Lakini kuingia kwenyewe kulihitaji ushahidi, na kwa watu ambao babu zao waliondoka bila karatasi, ushahidi ulikuwa nisba: jina la kabila, lililothibitishwa na shekhe wa mahali ambapo familia ilidai kutoka. Mtu alitakiwa asimulie nasaba yake, na mzee wa kijiji ambacho pengine hakuwahi kukiona akubali kuwa masimulizi hayo ni ya kweli.

Hapa ndipo historia inapokutana na fasihi. Mpaka wa kisasa, tofauti na unavyodhaniwa, hauombi karatasi tu. Unaomba kisa, kisha unaamua kama kisa hicho kinafanana na visa unavyovikubali. Mwenye nasaba ana kisa kilichoandaliwa na vizazi. Asiyekuwa nayo, awe mke aliyeolewa kutoka bara au mtu ambaye ukoo wake uliingia nyumbani mwa kabila kwa njia ya utumwa, anabaki akitafuta mahali pa kuanzia.

Riwaya mbili mbele ya afisa

Hakuna riwaya iliyoliona jambo hili kwa uwazi zaidi ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anatua uwanja wa Gatwick na pasi isiyo yake, kwa jina la Rajab Shaaban, na anajifanya hajui Kiingereza. Kwa msamiati wa taarifa za habari yeye ni mhamiaji haramu kamili: jina la uongo, hati ya uongo, ukimya wa uongo. Gurnah haupunguzi uongo huo. Anachofanya ni kumpa msomaji muda wa kujua ulikotoka, na muda huo ndio ambao afisa wa uwanjani hana.

Afisa huyo, Kevin Edelman, ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania, na hilo analisema mwenyewe. Riwaya nyepesi ingeufanya ukweli huo kuwa chanzo cha huruma. Kwa Gurnah unakuwa chanzo cha kufunga mlango: wazazi wake, kwa fikra yake, walikuwa na haki kwa kuwa ni watu wa Ulaya. Edelman ameubeba uhamiaji wa wazee wake kama nasaba, na nasaba hiyo imemgeuza mwenye nyumba. Kisha anachukua kijaluba cha udi ambacho mzee alikuja nacho, kumbukumbu ya biashara na ya ugomvi wote ulioanza na mfanyabiashara wa msimu aliyekuja na pepo. Hakuna sheria ya mpaka inayotaka udi wa mzee. Kitendo hicho kinaonyesha kwamba mwenye mamlaka ya kuuliza huishia kujipa mamlaka ya kutwaa.

Ndani ya riwaya hiyohiyo mna sehemu ambayo wasomaji wa Oman wangestahili kuisoma polepole. Saleh Omar anapokuwa kifungoni kisiwani, anawakuta watu wenye asili ya Omani waliozuiliwa wakingoja kufukuzwa nchini. Meli inakuja kuwachukua, yeye anabaki. Hao ni jamaa wa watu wanaoishi leo Nizwa, Ibra, Sur na Birkat al Mauz. Gurnah amewaweka kando ya kisa, hana nia ya kuwafanya mashujaa, lakini amehifadhi jambo ambalo kumbukumbu za kifamilia huliruka: baina ya kuwa raia wa huku na raia wa kule, palikuwa na siku ambazo watu hao hawakuwa wa popote.

Riwaya ya pili inatoka Oman yenyewe. Sayyidat al-Qamar ya Jokha Alharthi ilitoka kwa Kiarabu mwaka 2010, na tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Marilyn Booth, ilipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019. Sifa nyingi zilikwenda kwa masista watatu wa kijiji cha al-Awafi. Lakini mzigo wa mpaka umebebwa na Zarifa, mjakazi ambaye mwandishi amemzalisha tarehe 25 Septemba 1926, siku ileile ambayo mataifa yalitia saini mkataba dhidi ya utumwa huko Geneva. Karatasi iliyotiwa saini Ulaya haimfikii kitandani mama anayejifungua. Zarifa ameingia Oman kupitia mababu waliovushwa kwa nguvu. Hakuna aliyewaomba kisa. Mwanawe, Sanjar, anajua kuwa kwa sheria yeye ni mtu huru, na anaondoka kwenda Kuwait. Mama anauona uhuru huo kama utovu wa shukrani. Alharthi hamkejeli Zarifa. Anaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya nyumba maisha yake yote, akaipenda, akailinda, na bado asiwe mwenyeji wake.

Riwaya hizi mbili zikisomwa pamoja zinasahihishana. Gurnah anaonyesha ukatili wa mpaka unaomwuliza mtu. Alharthi anakumbusha ukatili wa mpaka usiouliza kitu, kwa sababu anayevushwa amehesabiwa kuwa mali.

Neno lililokuwa likingoja

Tangu muongo wa kwanza wa karne hii wanawake wengi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wamekuja Ghuba kufanya kazi za ndani. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza mishahara isiyolipwa, pasi zilizoshikiliwa na saa za kazi zisizo na mwisho. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2003 haikuwahusu watumishi wa majumbani. Chini ya mfumo wa kafala, ukaaji wa mgeni umefungwa kwenye jina la mwajiri: akiondoka kwa mwajiri bila idhini, ukaaji wake unaingia dosari siku hiyohiyo. Mtu aliyeingia na viza halali anaweza kuwa mhamiaji haramu kwa kuvuka kizingiti cha mlango, bila kukaribia mpaka wowote. Kuanzia Januari 2021 Oman iliondoa sharti la cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa mfanyakazi anayemaliza mkataba na kutaka mwajiri mwingine. Ni hatua ya kweli, lakini inamsaidia aliyeweza kusubiri mkataba uishe.

Kwa Kiswahili, mwanamke huyo husemwa ametoroka. Yeye ni mtoro. Hapa lugha inasema zaidi ya msemaji. Mtoro ni neno la karne ya 19 la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walianzisha makazi yao nyuma ya pwani ya Kenya, kama Fuladoyo, na kando ya mto Juba. Hakuna aliyekusudia kulifufua. Lilikuwapo likingoja, na hali ilipofanana likarudi kazini. Linganisha na mzamiaji, neno la vijana wa bandari za Tanga na Dar es Salaam kwa yule anayejificha melini ili afike ng'ambo. Mzamiaji amevunja sheria, lakini jina lake limetokana na kitendo cha ujasiri na hatari: amezama, huenda akaibuka. Kiswahili cha bandarini kimempa kitenzi. Kiswahili cha taarifa rasmi kimempa hukumu.

Mwezi Juni 2012, miili ya zaidi ya Waethiopia 40 waliokosa hewa ndani ya lori ilikutwa mkoani Dodoma. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, watu waliokuwa wamelowea kwa miongo katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita walirudishwa Rwanda na Burundi. Maneno mhamiaji haramu yalitosha kuwataja wote: maiti, mkulima, bibi aliyezaa na kuzika papo hapo. Neno linalotosha kwa watu walio mbalimbali kiasi hicho halielezi tena lolote juu yao.

Pengo katika rafu ya vitabu

Kumbukumbu nyingi za Waomani wa Zanzibar hufuata njia moja: utoto penye karafuu, Januari ya damu, miaka ya kutangatanga, kisha kuwasili Muscat. Kuwasili ndiyo sura ya mwisho. Baada yake historia inakuwa shukrani. Lakini nyumba iliyojengwa baada ya sura hiyo ina chumba kidogo karibu na jiko, na ndani yake analala mwanamke anayezungumza Kiswahili na bibi wa nyumba kwa lahaja iliyo karibu na yake. Bibi alivuka bahari bila hati, akaokolewa na nasaba. Msichana amevuka na hati kamili, na anayo mkataba tu. Bibi humwita mwanangu, naye huitika abee. Lugha moja inawaunganisha, na ndani ya lugha hiyohiyo mmoja ni aliyerejea, mwingine akiondoka ni mtoro.

Kisa hiki kinangoja riwaya yake ya Kiswahili. Maneno hayakosekani, kigugumizi kinatokana na ukweli kwamba kukiandika kwa haki kungemlazimu mwandishi wa jamii iliyofukuzwa ajione amesimama mahali pa Edelman: mtoto wa wakimbizi, mwenye hisia njema, aliyeshika kijaluba cha mtu.

Zipo hoja mbili za kupinga. Ya kwanza ni kwamba dola ina haki ya kujua nani anaingia, na nchi ndogo penye wageni wengi ina sababu za kuogopa. Hoja hiyo ina uzito, na haipotezi chochote ikiandikwa kwa maneno sahihi: asiye na kibali, aliyepitisha muda, aliyeingia bila hati. Kila moja linataja kosa linalopimika, linaloweza kurekebishwa au kuadhibiwa, kisha likaisha. Ya pili ni kwamba neno halimwui mtu. Historia ya magazeti ya Unguja inajibu hapo. Kabla ya mapanga ya 1961 na bunduki za 1964 zilikuwapo safu za wahariri, zilizoandikwa na watu wenye elimu, ambao kila mmoja aliamini anajadili tu maana ya neno mgeni.

Kwa hiyo kazi ya mhariri, mfasiri na mwalimu wa Kiswahili, awe Nizwa, Dar es Salaam au Toronto, ni ndogo na inawezekana: kuirudisha haramu kwenye matendo, ambako dini na lugha ziliiweka, na kumwacha mtu na jina linaloweza kubadilika. Kazi ya mwandishi ni kubwa zaidi. Methali ilisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Msichana wa chumba cha karibu na jiko alipewa jembe siku ya kwanza, na siku yake ya tatu haijafika. Riwaya itakayomwandika italazimika kusema ni nani anayeizuia.